Wimbo wa Kiajemi Kwenye Dungu la Robanda

Mwanamume anayeishi ukweni hana pa kukohoa. Rabson Nchagwa alilijua hilo kabla hata hajafungua mizigo yake Robanda, na miaka yote aliyokaa pale alikohoa kwa adabu, mkono mdomoni. Yeye ni Mkurya wa Tarime, na enzi zake alikuwa mpuliza saksafoni wa Mto Mori Jazz, bendi iliyojaza kumbi Tarime na Musoma mpaka ng'ambo ya Sirari. Bendi nayo hufa kama watu, nyingine kwa maradhi, nyingine kwa magomvi. Ya kina Rabson ilikufa kwa yote mawili. Akabaki na mke, binti mmoja aitwaye Ester, na saksafoni. Alipogeuka kutazama ardhi ya baba yake, kaka zake walikuwa wameshaigawana wakati yeye yuko jukwaani. Ndipo mkewe Modesta akasema, twende kwetu, marehemu baba aliniachia shamba. Wakaenda. Mkurya kumfuata mke! Huko Tarime watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

Shamba lenyewe liko mwisho wa kijiji, upande wa hifadhi, na anayelima upande ule analima kwa niaba ya tembo. Nyani wanachukua fungu lao mchana, ngiri wanachukua lao, halafu jua likielekea kuzama wanakuja wakubwa kumalizia kilichobaki. Ni kodi isiyo na risiti. Kwa hiyo tangu mahindi yanapobeba mpaka yavunwe, lazima mtu akae kwenye dungu, kile kichanja cha miti kilichosimama juu ya nguzo nne na kuezekwa nyasi, akiwa na tochi, debe la kugonga na koo lake. Rabson alipanda na saksafoni.

"Tembo hawa hawaogopi bunduki, wataogopa tarumbeta lako?" shemeji yake Kisyeri, kaka mkubwa wa Modesta, alimuuliza mbele za watu.

"Siwatishi, shemeji. Nawaomba."

Watu wakacheka. Lakini kweli ilikuwa hivyo. Siku nyingine tembo walisimama, wakatandaza masikio, wakageuza. Siku nyingine walikula mahindi huku wakipigiwa muziki, kama waheshimiwa kwenye hafla. Rabson hakujali sana. Alikuwa na haja yake nyingine pale juu, haja ambayo hakumwambia mtu: alitaka asimame mbele ya watu mara moja tu tena, kabla meno hayajaisha, apige kitu ambacho hajawahi kukipiga. Nyimbo za Mto Mori alikuwa amezichoka. Alizipiga huku maelfu ya watu wakilewa, na mtu akizoea kupigia walevi anaanza kujidharau.

Ulimi wa saksafoni, kile kijiti chembamba kinachotetemeka mdomoni mwa mpigaji, hauuzwi Mugumu wala Musoma. Alikuwa anachonga mwenyewe kwa matete ya bwawa la Manchira, anayakausha juu ya jiko la Modesta, na Modesta alikuwa anaokota vipande vya matete kwenye ugali na kuvitupa nje bila kusema neno. Modesta aliujua muziki wa mumewe kama mke wa fundi seremala anavyoijua randa: sauti ya kazi inayoendelea huko nje. Rabson naye alidhani mkewe ameuchoka. Hakumuuliza.

Basi mwaka juzi jembe lilimkata mguu, akaenda zahanati ya kijiji. Muuguzi alikuwa mgeni, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mtandio kichwani, pua ya kuchongoka. Jina lake Gulzari Murad. Watu wa Robanda waliamua kwamba ni Mwarabu. Alipokataa, wakaamua ni Mhindi. Alipokataa na hilo wakachoka, wakamwita Sista Guli. Ukweli ni kwamba alikuwa Mtanzania wa Rujewa, Mbeya, wa kabila la Wabulushi, watu ambao babu zao walikuja zamani kutoka pande za Uajemi na Baluchistani, wakalima mpunga Usangu mpaka wakawa wenyeji. Mumewe alikuwa mwalimu huko huko Rujewa. Yeye serikali ilimtupa Serengeti.

Alipokuwa anasafisha kile kidonda, Sista Guli aliimba chinichini, kama watu wanavyofanya mikono ikiwa na kazi. Rabson alisahau maumivu. Sauti ilipanda, ikafika mahali ambapo yeye, mtu wa muziki miaka arobaini, aliijua noti inayofuata, na noti ile haikuja. Ilikuja nyingine, iliyokaa katikati ya mbili anazozijua, ikatetemeka hapo kooni kama mtu anayezuia kilio, ikashuka.

"Sista, hapo umepita wapi?"

"Nimekuumiza, mzee? Samahani."

"Si mguu. Huo wimbo."

Akacheka. Akasema si wimbo hasa, ni shairi la Kiajemi. Kwao Kibulushi ni lugha ya nyumbani, lakini babu yake, mzee Murad, aliyapenda mashairi ya Kiajemi cha kale, na mwenyewe alitunga machache na kuyaimba barazani bila ngoma wala zeze. Guli aliyashika kwa masikio akiwa mdogo. Maana yake aliijua nusu nusu. Hili lilisema: nilikwenda kwa jirani kuazima moto, nikakuta wamehama, ni moshi peke yake ulioniaga. Na mstari wa mwisho mtunzi anajitaja mwenyewe, kama ilivyo desturi ya washairi wale: ewe Muradi, umechelewa tena.

"Anajitaja na kujisuta?" Rabson aliuliza.

"Ndiyo."

"Huyo mzee ningempenda."

Alirudi nyumbani akichechemea, akapanda dungu, akaitafuta ile noti. Vidole havikuijua. Aliipata baada ya siku kadhaa, kwa kulegeza mdomo na kufunga kitufe nusu, na alipoipata alishuka na mguu wake mbovu akaenda zahanati na saksafoni begani. Wagonjwa kwenye benchi walidhani mzee amerukwa na akili. Alipuliza pale pale mlangoni. Sista Guli alitoka na glavu mikononi, akasimama, machozi yakamjaa. Tangu afike Robanda hakuna mtu aliyewahi kumjibu kwa lugha ya babu yake, na sasa alijibiwa na Mkurya mwenye bandeji.

Hivyo ndivyo ilivyoanza, na sitaki mtu aniambie ilianza vingine.

Guli alitoka kazini saa kumi, Rabson lazima awe shambani saa kumi. Kwa hiyo walifanyia mazoezi kwenye dungu, mchana kweupe, mbele ya kila apitaye njia. Walianza kwa kugombana. Rabson alikuwa mtu wa jazi. Na si jazi ya jina tu, ile ya kila bendi ya dansi iliyojiita Jazz. Kiongozi wao wa Mto Mori alikuwa na kaseti za Wamarekani weusi, na alimfundisha kwamba katika jazi watu wanakubaliana mwanzo na mwisho, katikati kila mtu anajitafutia njia, anapotea kwa makusudi, ilimradi arudi kwa wakati. Kurudi kwa wakati, hapo ndipo penye kazi. Rabson alihesabu kwa mguu, moja mbili tatu nne, hata akiwa amelala. Sista Guli hakuhesabu kitu. Alivuta neno moja mpaka Rabson akamaliza hesabu yake na kuanza nyingine, ndipo yeye akahema.

"Sista, utaniua. Mdundo uko wapi?"

"Hakuna, mzee. Babu alisema ukilihesabu shairi linaona haya."

"Basi mimi nitaingia wapi?"

"Nikinyamaza."

"Na nitajua vipi kama umenyamaza au unavuta pumzi?"

"Utanisikiliza."

Ebo! Mtu wa miaka sitini kuambiwa na binti asikilize. Lakini alisikiliza. Akakaza mguu wake uache kugonga. Taratibu wakaelewana: Guli anaimba mstari kwa Kiajemi, peke yake, bila mdundo, saksafoni inauchukua mstari ule ule, inaurudia kwa sauti ya chini, halafu inauondoa pale na kwenda nao mbali, inazunguka nao kijazi, mpaka msikilizaji adhani umepotea, kisha inaurudisha na kuuweka kwenye ile noti ya katikati, na Guli anaupokea. Ilimchukua Rabson msimu mzima wa mahindi na msimu wa mtama kuweza kuurudisha bila kuuangusha. Kwa mara ya kwanza maishani alipiga kitu akiwa na hofu nacho. Akarudi ujana. Modesta alimwona anakula vizuri, anajipigia mluzi asubuhi, akajiuliza, na mwanamke akianza kujiuliza peke yake majibu hayakosekani.

Raphael, afisa utamaduni, mtu wa Songea, alipita siku moja na pikipiki, akazima injini barabarani, akasikiliza mpaka mwisho. Akapanda dungu mwenyewe. Alisema tamasha la utamaduni la wilaya ni mwezi ujao Mugumu, Jumamosi ya mwisho, na kwamba atawaweka karibu na kufunga, watu wakiwa wamejaa. Rabson alimshika mkono, hakuuachia. Alitaka kusema asante, ikatoka kwa Kikurya.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibika siku ambayo walipiga vizuri kuliko siku zote.

Ilikuwa jioni, jua bado lipo. Guli yuko kwenye mstari wa moshi, macho amefumba. Tembo wakatoka kwenye vichaka, majike na watoto, moja kwa moja kwenye mahindi ya Modesta. Rabson hakuacha kupiga. Alipuliza kwa nguvu, nao wakaendelea kuja. Guli akafumbua macho, akaona, na badala ya kupiga kelele akaliokota debe na rungu lake akaanza kugonga, huku anaimba. Kumbe mdundo walioutafuta ulikuwa kwenye debe! Si moja mbili tatu nne ya Rabson. Ulikuwa wa kwake, unaochelewa kidogo kila mara, na shairi likakaa juu yake bila kuona haya. Saksafoni ikaingia. Wakapiga, wakapiga, jasho linawatoka, na yule jike mkubwa akasimama, akatikisa kichwa, akageuza kundi lote. Wale wawili walicheka kama vichaa. Shamba lilipona, hata bua moja halikuguswa.

Lakini kwa wanawake wa kwao Modesta, debe la shamba si debe tu. Mwanamume akiwa kwenye dungu, anayemgongea debe ni mkewe, au binti yake, au mama yake mzazi. Mwanamke mwingine yeyote akigonga debe la shamba lako, na wewe uko nyumbani unapika, amesema mbele ya kijiji kizima kwamba shamba ni lake na mwenye dungu pia. Sista Guli mtu wa Rujewa angejuaje? Hakujua. Aliyejua ni Rabson. Miaka yote ile Robanda, alijua kabisa, na muziki ukamsahaulisha.

Kesho yake Modesta alikwenda kusaga. Mama Nyangwine, mwenye ulimi wake, akamsogelea kwenye foleni.

"Modesta, siku hizi umepata msaidizi? Jana tumelisikia debe lako. Mkono haukuwa wako."

Wanawake wakatazama chini, wakibana vicheko. Lisemwalo lipo, mmoja akasema. Modesta alisaga unga wake, akalipia, akajitwisha, akapitiliza mpaka kwa kaka yake. Hata hakwenda kwanza kumuuliza mumewe. Mtu aliyekaa na jambo miezi mingi bila kuuliza, siku ya kuuliza inakuwa imeshapita.

Kikao kikaitwa Jumatano ya wiki ile ile ya tamasha, uani kwa Kisyeri, viti vya plastiki, wazee wa ukoo na mashangazi wawili. Chai haikuletwa. Chai isipoletwa ukweni, jua uko kwenye kesi.

"Shemeji," Kisyeri alisema, "sisi tulikupokea. Hatukukuuliza ng'ombe wako wako wapi. Tukakuachia dada yetu na shamba lake. Leo mwanamke wa watu anagonga debe lake. Tuseme nini?"

"Hakuna kitu, shemeji. Ni muziki."

"Muziki gani wa mtu na mke wa mtu, juu ya dungu, msimu baada ya msimu?"

Rabson alijaribu kueleza. Jamani, alijaribu! Alieleza Uajemi, akaeleza jazi, akaeleza moshi na jirani aliyehama. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozama. Shangazi mmoja akauliza kwani huyo jirani alihama na mke wa nani.

Kisyeri akainua mkono. Akasema mambo ni mawili. Ama Rabson aape kwamba hajamgusa yule mwanamke, ama afunge mizigo yake arudi Tarime. Na akikataa kuapa, Sista naye atapelekwa kwa mtendaji, aambiwe hadharani kwamba alikuja kutibu watu, hakuja kuvunja nyumba.

Hilo la pili ndilo lililomchoma Rabson. Alimfikiria Guli amesimama mbele ya kijiji, mtandio wake, pua yake, ugeni wake, watu wakimtazama. Neno kama hilo likimshika mtumishi linamfuata kituo kwa kituo. "Nitaapa," alisema. "Leteni dume la ng'ombe la kuapia."

"Dume la nani?" Kisyeri akauliza. "Hao zizini ni wa dada yangu. Ukiapa kwa mali ya mwingine, ataumia yeye. Kiapo huapiwa kitu kinachomuuma mwenye kuapa. Leta tarumbeta."

Modesta aliinua uso, kama mtu aliyeanza kusema kitu, akauinamisha tena.

Masharti yalikuwa haya: atapuliza mara moja, atatamka kiapo, ataiweka chini. Itatundikwa nyumbani kwa mkewe, wala hataipiga tena mpaka afe. Siku akiipiga, amekiri.

"Shemeji, nipe mpaka Jumamosi," Rabson alisema. "Jumamosi tu. Jumapili asubuhi nitaapa hata mara kumi. Nakuomba."

"Mtu asiye na hatia haombi siku."

Akaenda akaileta. Akasimama katikati ya viti, akaweka ulimi mpya aliokuwa ameuchonga kwa ajili ya Mugumu, akapuliza. Angeweza kupiga chochote, wimbo mzima hata, hakuna aliyemwambia kipimo. Alipiga noti moja, ile ya katikati, mpaka pumzi ikaisha. Shangazi akamnong'oneza mwenzake kwamba tarumbeta lina mafua. Kisha Rabson akasema kwamba kama amemgusa Gulzari Murad, pumzi yake ikaukie humo, akaiweka chini kwenye vumbi. Kisyeri akamshika bega, akamwita shemeji, akaagiza chai iletwe. Rabson hakuinywa.

Asubuhi ya Alhamisi alikwenda zahanati. Njiani alikuwa amejipangia maneno: Sista, jina lako ni safi, kaa ufanye kazi yako, hakuna wa kukusema. Alikuwa na huzuni, lakini kulikuwa na fahari kidogo ndani yake, nisimfiche. Alimkuta Guli anafunga maboksi.

"Shikamoo mzee. Afadhali umekuja, nilikuwa nakutafuta."

"Marahaba. Unahama nyumba?"

Guli akakaa juu ya boksi. "Uhamisho umetoka. Wa kumfuata mume wangu, niliuomba tangu mwaka wa kwanza. Naondoka Jumapili."

"Umetoka lini?"

"Mwanzo wa mwezi. Sikukwambia. Niliogopa utapiga kwa majonzi. Nilisema tupige kwanza Jumamosi, halafu ndipo niage." Alikuwa anatabasamu. "Mbona huna saksafoni?"

Rabson akamwambia. Alieleza yote, debe na mashine ya kusaga, chai, kiapo. Tabasamu la Guli likaondoka polepole, na kilichobaki usoni hakikuwa shukrani. Ilikuwa hasira.

"Siku nne, mzee! Nilikuwa na siku nne tu kijijini hapa! Wangenisema kwa mtendaji siku mbili, mimi ningekuwa kwenye basi. Nani alikuomba unilinde?"

"Ungeniambia unaondoka."

"Na wewe ungeniambia kuna kikao! Ungekuja kuniita. Ningesimama mwenyewe, nina mdomo."

Alikuwa na haki. Wote wawili walikuwa na haki, ndiyo maana hakuna aliyeweza kumsamehe mwenzake pale. Guli akafuta macho kwa mtandio. Akasema kwa sauti ya chini, "Njoo upige Jumamosi. Waache waseme. Mimi Jumapili sipo, watanifanya nini?"

"Wewe hutakuwepo," Rabson alisema. "Mimi nitakuwepo."

Akafika mlangoni, akageuka. Akamwambia asiache kuimba, kwamba Raphael atamtafutia mtu. Walau mmoja wao afike kule.

Jumamosi Mugumu uwanja ulifurika. Ngoma za Wakurya, Waikoma wakarusha miguu, Wajaluo wakacheza, kwaya zikapokezana. Rabson alisimama pembeni, karibu na wauza miwa, na Modesta alikuwa ubavuni mwake kwa kitenge kipya. Alitaka kuja mwenyewe; tangu Jumatano alikuwa anamfuata mumewe kama mtu anayemsindikiza mgonjwa. Wakatangaza Sista Gulzari Murad, akisindikizwa na mwalimu Ildefonce wa kwaya, kinanda.

Guli akasimama kwenye kipaza sauti, akafumba macho, akaenda kwa jirani yake kuazima moto. Uwanja wote ukageuka kumtazama. Hata wauza miwa waliacha panga hewani. Alipomaliza mstari wa kwanza, mwalimu Ildefonce akabonyeza kitufe, kinanda chake kikatoa sauti ya saksafoni, ile ya plastiki, iliyonyooka, isiyo na pumzi ya mtu ndani. Mwalimu hakuwa na kosa. Alikuwa amefanya mazoezi siku moja. Alipiga noti aliyokuwa nayo, na ile ya katikati kinanda hakikuwa nayo, akapiga ya jirani. Midomo ya Rabson ikalegea yenyewe, akiwa amesimama pale na mikono mitupu, akairekebisha noti kwa hewa. Alifanya hivyo wimbo mzima bila kujua. Modesta alimwona.

Walipofika mwisho, Guli alitaja jina la babu yake na kumsuta kwamba amechelewa tena, na uwanja ukalipuka. Watu walisimama juu ya viti. Simu zilikuwa hewani kila upande. Mwanamke mmoja mbele yao alikuwa analia, na hakujua hata neno moja la lile shairi.

"Ndio huu?" Modesta aliuliza.

"Ndio huu."

"Miezi yote ile mlikuwa mnafanya huu?"

"Ndiyo. Lakini si hivi. Ulikuwa mzuri zaidi ya hivi."

Modesta alikuwa amekishika kitenge kifuani kwa mikono miwili. "Mbona hukuniita nikasikiliza, Baba Ester? Ni hatua tu kutoka jikoni."

"Nilidhani umeuchoka muziki."

"Nilichoka baa. Nilichoka kukusubiri mpaka alfajiri. Muziki nani alikwambia nimeuchoka?" Akamgeukia. "Sikiliza. Nitakwenda kwa kaka. Nitamwambia ni mimi niliyekosea, nitapiga magoti ikibidi. Tukifika nyumbani leo utaitoa ukutani, upige. Upige hapo hapo sebuleni, nisikie."

Kule mbele watu walikuwa wanapiga kelele wimbo urudiwe, na mwalimu Ildefonce anainama kwa furaha, anafuta jasho. Rabson alimtazama mkewe. Kwa mara ya kwanza tangu wafunge ndoa mwanamke huyu alikuwa anamwomba ampigie wimbo, na alimpenda kwa ajili hiyo mpaka akaumia.

"Nikiipuliza sasa, Mama Ester," alisema, "nitakuwa nimelala naye."